Mkonge Hautaki Vanishi

"Injinia, singa nizipake vanishi gani zisinywe maji?"

Hakuna. Mnaochanganya mkonge na plastiki, swali hili nimelijibu hadi sauti imekauka, na bado madebe ya vanishi yananunuliwa.

Chukua bamba lililokuvunjikia, tazama pale palipovunjika kwa lenzi. Ukiona singa zimechomoka safi, na upande wa pili vijitundu vitupu kama ufizi uliong'olewa meno, basi tatizo lako umelishika mkononi: singa na plastiki hazikushikana. Zingeshikana, singa zingekatika palepale kwenye ufa, plastiki ikiwa imezing'ang'ania.

Vanishi itaushika mkonge, sawa. Lakini ng'ambo ya pili kuna polipropilini, plastiki ileile ya viti vya ukumbini. Uliwahi kupaka kiti hicho rangi ya kawaida? Unaibambua kwa kucha. Vanishi nayo itabambuka hivyohivyo ndani ya bamba, ila wewe hutaona.

Tena hayo maji yenyewe. Singa iliyokaa hewani huwa na unyevu wa karibu asilimia 10: katika kilo 100, kilo 10 ni maji. Ukipaka kabla hazijakauka, umeyafungia ndani. Mashine ikifika nyuzijoto 180 yanageuka mvuke, na bamba linatoka na matundu kama kitumbua. Haya, tuseme ulizikausha. Skrubu ya mashine itazikatakata, na kila mkato ni mdomo mpya usio na vanishi. Singa ndani ina mirija. Umeziba mlango, madirisha yako wazi.

Kinachotakiwa ni mshenga anayezijua familia zote mbili. Jina lake refu: polipropilini iliyopandikizwa anhidridi ya maleiki. Sehemu yake ya anhidridi huungana na haidroksili za selulosi ya mkonge, na mkia wake hujisokota ndani ya plastiki. Wala haipakwi kwa brashi. Chembe zake unazichanganya na plastiki, kwa kawaida asilimia 2 hadi 5 ya uzito wote.

Mengine, haraka. Kostiki soda: myeyusho wa asilimia 5 hivi huondoa nta na kukwaruza uso wa singa, vaa glavu na miwani, suuza hadi utelezi uishe, na usizidishe makali, singa zitadhoofika. Sileni: nzuri, ila ghali, iweke kwa kazi za epoksi au poliesta. Asidi ya steariki: husaidia unga wa mbao utawanyike, lakini haiunganishi kitu. Kwa njia yoyote utakayochagua, kausha singa kwenye oveni kabla ya kuchanganya, na joto la mashine lisipite nyuzi 200, mkonge utaungua.

Na vanishi uliyokwisha kununua? Paka mlango wa karakana.