Kotisoli na Kukomaa kwa Mapafu ya Mtoto Tumboni

Mtoto aliye tumboni hana haja ya kuvuta pumzi, kwani oksijeni humjia kutoka katika damu ya mama kwa njia ya kondo la nyuma, na mapafu yake yamejaa maji. Lakini pindi azaliwapo, vifuko vya hewa vya mapafu hayo havina budi kufunguka na kubaki wazi. Hayo hayawezekani pasipo ute wenye mafuta unaotandaa ndani ya vifuko na kuzuia kuta zake zisigandamane. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba watoto njiti waliokufa kwa kushindwa kupumua walikuwa wamepungukiwa na ute huo.

Ute huchochewa hasa na kotisoli, homoni ya jamii ya steroidi itokayo katika tezi zilizo juu ya figo za mtoto mwenyewe, nayo huongezeka sana mimba ikaribiapo kutimia. Mama naye anayo tele, lakini kondo huigeuza sehemu kubwa ya kotisoli yake ikawa kitu kisicho na nguvu. Kwa hiyo mtoto hutegemea zaidi tezi zake. Homoni za kiume, ambazo nazo ni steroidi, huchelewesha kazi hiyo, na hii ni sababu mojawapo ya njiti wa kiume kutaabika kuliko wa kike.

Graham Liggins wa Auckland, New Zealand, hakuwa akitafuta habari za mapafu. Alitaka kujua ni nini kianzishacho uchungu wa uzazi, akawatia kondoo waliokuwa bado tumboni steroidi za namna hiyo. Walizaliwa mapema mno, na ilitazamiwa kwamba wasingeweza kupumua. Walakini wengine walipumua. Habari hiyo ilitolewa mwaka 1969. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie walieleza jinsi betamethasoni, ambayo kondo haiidhoofishi sana, ilivyopunguza vifo vya watoto njiti.

Hata hivyo dawa ya namna hiyo si ya kutolewa ovyo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015, uliofanywa katika nchi sita, Kenya ikiwamo, ulihimiza matumizi yake hata vijijini. Vifo vya watoto wachanga kwa jumla viliongezeka badala ya kupungua, na wengi wa waliopewa hawakuzaliwa njiti. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2020, uliihusisha Kenya tena pamoja na nchi nne. Safari hii umri wa mimba ulihakikishwa kwanza kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, tena katika hospitali zenye matunzo ya watoto wachanga. Na vifo vilipungua.