Mkono wa Miaka Hamsini Mbele ya Skrini

Julai 1985, katika Lincoln Center jijini New York, kampuni ya Commodore ilizindua kompyuta yake mpya, Amiga. Aliyepandishwa jukwaani kuonyesha kwamba mashine ile inaweza kuchora alikuwa Andy Warhol, mwenye umri wa miaka 56. Picha ya mwimbaji Debbie Harry iliingizwa kwenye kompyuta, naye Warhol akaimwagia rangi mbele ya hadhira. Mimi huvutiwa zaidi na michoro aliyoijaribu nje ya jukwaa, ikabaki kwenye disketi hadi 2014, pale wanafunzi wa klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walipofaulu kuitoa. Mmoja ni Venus wa Botticelli aliyeongezewa jicho la tatu kwa kunakili na kubandika. Mwingine ni kopo la supu ya Campbell's, kopo lile lile lililompa jina mwaka 1962. Safari hii mistari yake inayumba, kama ya mtu aliyeshika kalamu kwa mara ya kwanza.

Yule alikuwa mtu aliyekula kwa jasho la mstari wake. Katika miaka ya 1950 kazi yake ilikuwa kuchora viatu vya matangazo, na wahariri wa magazeti waligombea mkono wake. Jicho na kipaji vyote alikuwa navyo. Kilichomshinda ni kwamba kipanya kiko mezani na mchoro uko kwenye skrini. Mkono unatembea mahali pamoja, jicho linatazama pengine, na ubongo uliozoea kuviona vyote viwili kwenye karatasi moja unalazimika kujenga njia mpya kati yao. Ninaanza na Warhol kwa sababu watu wengi wenye umri wa miaka 40 au 50 wanaojaribu kuchora kwa kompyuta huona mstari wa kwanza ukiyumba, wakasema umri umekwenda, samaki hukunjwa angali mbichi, kisha wanafunga mashine. Wamejihukumu kwa kosa ambalo si lao. Mstari huyumba kwa kijana wa miaka 18 vilevile.

Sehemu ya kuyumba huko inatoka kwenye vifaa na inarekebishika siku hiyo hiyo. Chukua bao la kuchorea la bei nafuu, lile lisilo na skrini, lenye upana wa sentimita 15. Likitawala skrini yenye upana wa sentimita 52, kila mwendo wa mkono unakuzwa karibu mara tatu na nusu, kwa hiyo mtetemo wa milimita 1 unaonekana kama wa milimita 3 na zaidi. Ingia kwenye mipangilio ya bao, ulipangie bao sehemu ndogo tu ya skrini badala ya skrini nzima, na mstari utatulia. Hapo hapo hakikisha uwiano wa upana na kimo wa bao na wa eneo hilo la skrini unalingana. Usipolingana, utachora duara na skrini itakuonyesha yai, nawe utadhani mkono wako umeharibika.

Kalamu nayo ichaguliwe kwa makini. Zile zenye ncha ya mpira zinazouzwa na vifaa vya simu hazitambui mkandamizo. Zinafanya kazi ya kidole tu, na mstari wake una unene uleule mwanzo hadi mwisho. Kalamu inayokuja na bao la kuchorea, au ile iliyotengenezwa mahususi kwa kishikwambi chako, inapima jinsi unavyokandamiza, na mstari unanenepa na kukonda kwa kufuata mkono. Aliyezoea kalamu ya wino kwa kawaida hukandamiza mno. Programu nzuri hukuruhusu kurekebisha mkandamizo huo ili mstari mnene upatikane bila kuumiza kidole gumba. Kuhusu programu, Krita ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Linux, Mac na Android, na uwezo wake unatosha kumfikisha mtu kwenye kazi ya kulipwa. Sioni sababu ya anayeanza kutoa pesa kwa programu kabla ya kujua kama ataendelea.

Machoni ndiko umri unakogusa kweli. Kuanzia karibu miaka 40, lenzi ya jicho hukakamaa na kupoteza uwezo wa kujirekebisha kwa vitu vya karibu. Miwani ya kusomea hutengenezwa kwa umbali wa kitabu, karibu sentimita 40, ilhali skrini ya kompyuta ya mezani hukaa sentimita 60 hivi. Matokeo yake mchoraji anainamia skrini ili aone, shingo inauma, na baada ya nusu saa amechoka bila kujua kilichomchosha. Mweleze mtaalamu wa macho umbali halisi wa skrini yako, akupimie miwani ya umbali huo. Kwa sababu hiyo, kwa mtu aliyepita miaka 45, mara nyingi napendekeza bao lisilo na skrini kuliko kishikwambi, ingawa mkono utahitaji wiki kadhaa kulizoea. Kishikwambi hulazwa mapajani na kichwa kinainama. Ukiwa na bao, skrini inabaki usawa wa macho na mgongo unanyooka.

Mkono wa mtu mzima unajifunza. Unajifunza kwa kanuni zilezile za mkono wa mtoto: mazoezi mafupi yanayorudiwa siku nyingi hushinda saa nyingi za siku moja, na usingizi wa usiku husaidia ubongo kushikilia kilichofanywa mchana. Dakika 20 kila jioni zinatosha kabisa.

Shida kubwa iko kwenye wingi. Ukifungua programu ya kuchora unakutana na brashi mamia, mamilioni ya rangi, tabaka bila kikomo, kitufe cha kutendua na uwezo wa kukuza picha hadi pikseli moja ijae kiganja. Vyote vina manufaa kwa anayejua, na vingi humwibia mazoezi anayeanza. Kutendua ndiko kubaya zaidi. Mstari ukipinda, unaufuta, unauchora tena, unaufuta tena. Baada ya mara thelathini unapata mmoja mzuri kwa bahati, na jicho halikupata nafasi ya kuutazama ule uliopinda na kujua umepinda wapi. Kukuza kunafuatia. Mtu anashughulika na ukope wa jicho kwa saa nzima, akirudisha picha kwenye ukubwa wake anakuta kichwa kizima kimelalia upande.

Basi ushauri wangu ni kufunga karibu kila kitu. Brashi moja, ya duara, isiyo na madoido. Tabaka moja. Nyeusi na nyeupe. Hakuna kutendua, hakuna kukuza. Mstari ukikosewa, uache pale pale na uchore sahihi kando yake.

Kisha weka mezani kikombe kidogo cha kahawa, kile kisicho na mkono, na ukitazame kwa muda kabla ya kugusa kalamu. Mdomo wake ni duara, lakini kutoka ulipokaa unauona kama yai lililolala. Kitako chake pia ni duara, na kwa kuwa kiko chini zaidi ya usawa wa macho yako, kitako hicho kinaonekana kujaa kuliko mdomo. Karibu kila anayeanza huchora mdomo uliopinda na kitako kilichonyooka kama rula, kwa kuwa akili inajua kwamba kikombe kimekaa juu ya meza bapa. Akili inaandika inachokijua, jicho halijaulizwa. Ukimaliza, geuza mchoro kushoto kulia. Kwenye Krita unabonyeza herufi M. Wachoraji wa zamani walifanya hivyo kwa kioo, na Leonardo da Vinci alikwisha kulishauri jambo hilo. Mchoro ukigeuka, mazoea yanavunjika na upande uliozidi unajitokeza wenyewe. Hiki kifaa sikifungi tangu siku ya kwanza, kwa sababu kinalifundisha jicho badala ya kulifanyia kazi yake.

Uchache wa zana haukuwahi kuwazuia waliochelewa kuanza. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akiwa na miaka 36 hivi, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Rangi hizo zilimpa mtindo uliobeba jina lake hadi leo. Mwaka huohuo wa 1968, huko Paris, Vera Molnár aliyekuwa na miaka 44 aligusa kompyuta kwa mara ya kwanza, akaanza kuiamuru ichore miraba na mistari tu. Aliendelea na miraba hiyo hadi alipofariki 2023, akikaribia miaka 100.

Baada ya miezi miwili au mitatu, anza kufungua ulivyovifunga. Kwanza tabaka la pili, ili rasimu ikae chini na mstari safi juu. Usiongeze tabaka kwa mazoea. Karatasi ya A4 kwa ubora wa kuchapishwa ina pikseli 2480 kwa 3508, na tabaka moja lililojaa linakula karibu megabaiti 35 za kumbukumbu. Tabaka 20 ni megabaiti 700, na hapo kompyuta yenye kumbukumbu ndogo huweza kuanza kukwama huku mchoraji akidhani amebonyeza kitu kibaya. Halafu fungua rangi, tatu au nne kwanza.

Usifungue rangi kabla hujajua unachotaka kuchora, na hapa mtu wa makamo ana hazina. Aliyeshona nguo miaka 25 anajua kitambaa kizito kinavyovunjika kwenye kiwiko. Aliyekulia ufukweni anajua tanga linavyojaa upepo wa kusi. David Hockney alipoanza kuchora kwenye iPhone alikuwa amepita miaka 70, na alichora alichokiona alfajiri akiwa bado kitandani: dirisha, maua, jua likichomoza. Aligundua kwamba skrini ina mwanga wake, kwa hiyo hakuhitaji kuwasha taa na kuliharibu giza alilotaka kulichora. Mwaka 2012 michoro yake ya iPad ya majira ya kuchipua huko Yorkshire ilitundikwa kwenye Royal Academy jijini London, imechapishwa mikubwa kuliko mtu.

Ukifika hatua ya kuchapisha, nenda steshenari na mchoro mmoja tu wa majaribio. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu. Printa hutengeneza kwa wino wa samawati, zambarau-nyekundu, njano na mweusi. Kijani cha kung'aa na buluu kali ambazo mwanga unaziweza, wino hauziwezi, na zitatoka zimepoa. Rudi nyumbani na karatasi hiyo, iweke kando ya skrini mchana kwenye mwanga wa dirisha, upunguze mwangaza wa skrini hadi viwili hivyo vikaribiane, ndipo urekebishe rangi.