Mbuzi ya nazi na watoto wa chekechea

Mwalimu mmoja wa chekechea mtaani kwetu aliwauliza watoto, "Mbuzi ni nini?" Darasa zima likalia "meee!" Mmoja tu, aliyelelewa jikoni kwa bibi yake, akasema mbuzi ni ya kukunia nazi. Wenzake wakamcheka, na wote walikuwa sawa.

Darasa hilo lina watoto wa Kimvita, Kigiriama, Kidigo, Kisomali na Kijaluo, na wachache waliozoeshwa Kiingereza kitupu. Mtaala wasema wadogo wafunzwe kwa lugha ya mahali walipo. Hapa ni Kiswahili, lakini kila mtoto amekuja nacho kwa kiasi chake. Asiyejibu huitwa mzito, kumbe ni neno tu hana.

Mtoto hashiki neno kwa kulisikia mara moja. Hulishika akikutana nalo mara nyingi, kila mara kwa sura nyengine. Basi mwalimu na aanze na nazi yenyewe. Waitikise wasikie maji, waguse makumbi na kifuu, wamuone akiikuna na kukamua tui. Kesho yake alete picha za kidaka, dafu, koroma na nazi, wazipange wenyewe. Kisha atoe simu, awaonyeshe video ya mkwezi, dakika 2 zatosha, akiisimamisha njiani kuuliza, "Afanya nini huyu?" Siku nyengine awasikizishe sauti ya bibi aliyerekodiwa akieleza anavyopika wali wa nazi, nao wataje walichosikia.

Awaulize pia, "Kwenu yaitwaje?" Wako walimu wanaokataza hilo, nami naona wanakosea. Lugha ya nyumbani haiharibu Kiswahili. Mtoto mwenye jina la kitu kwao hulipata la pili kwa wepesi.

Runinga nayo ina faida. Katuni za Akili and Me kutoka Tanzania zimetengenezewa watoto wa miaka 3 hadi 6, na Kiswahili chake chaeleweka. Ila mtoto akiachiwa skrini peke yake (na sisi wazazi twapenda hivyo, tupate kupika kwa raha!) hukariri wimbo bila kujua maana. Lazima mkubwa akae kando, aulize, angoje jibu.

Mwalimu yule alifuata njia hii. Kulikuwa na msichana wa Kisomali ambaye muhula mzima hakufungua mdomo. Siku ya kukamua tui akanyoosha kidole kwenye bakuli akauliza, "Mwalimu, chicha hii twaitupa?"