Sahihi ya Mkono

Katika nchi ya Marekani, mchezo wa besiboli hupendwa sana. Mmoja hurusha mpira mdogo mgumu, na mpinzani wake huupiga kwa gongo. Hata wachezaji hodari wakiisha kustaafu, watu huwaendea ili watiwe sahihi juu ya mipira, picha na magongo. Vitu hivyo hutunzwa kwa heshima, tena vingine huuzwa kwa fedha nyingi.

Lakini penye fedha hapakosi wadanganyifu. Katika miaka ya 1990, Tony Gwynn, mchezaji mashuhuri wa San Diego, aliona katika duka la timu yake vitu vyenye jina lake, wala si yeye aliyeviandika. Baadaye wapelelezi wa serikali waliwakamata watu walioghushi sahihi nyingi. Ilionekana hata mipira yenye jina la Mama Teresa, mtawa wa Calcutta!

Basi tangu mwaka 2001 wakuu wa mchezo huo huweka shahidi, amtazame mchezaji akiandika. Kisha kitu kile hubandikwa alama yenye namba yake. Neno sahihi lina maana mbili: jina liandikwalo kwa mkono, na jambo lililo kweli. Maana ya pili ikikosekana, ya kwanza ni wino tu.