Je, Wajua? Gari Likishapakwa Rangi, Ndipo Kazi ya Ndani Inapoanza

Gari likitoka kwa fundi wa rangi, kila mpita njia kwenye barabara ya Bukavu–Uvira husimama kulitazama. Lakini huku Luberizi, ambako jua la uwanda wa Ruzizi halina mzaha na vumbi la kiangazi hujipenyeza hata pasipo tundu, tunajua kwamba mng'aro wa nje ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kurudisha ndani kila kilichotolewa: nyaya, dashibodi, mazulia, mikanda, viti. Chungulia ndani ya gari la zamani la mbio wakati huo, nawe utakutana na makumbi ya nazi, mkonge wa Tanga, bingwa Singasinga wa Nairobi, na sumaku inayosukuma bila kugusa. Karibu tuchungulie.

Rangi nyembamba kama karatasi yaweza kuzima dashibodi nzima

Rangi ya gari iliyotoka kiwandani, ukijumlisha matabaka yake yote, ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita: sawa na karatasi ya daftari. Unene huo unatosha kuuzuia umeme wa volti 12! Sababu ni kwamba bodi la gari lenyewe ni waya mkubwa. Umeme hutoka kwenye betri kupitia nyaya, lakini hurudi kupitia bodi. Rangi ikifunika mahali nyaya za ethi zinapofungwa, mkondo hukosa njia ya kurudi: taa hufifia, honi hunyamaza, kipimo cha mafuta hudanganya.

Kwa hiyo fundi umeme huchukua kipande cha msasa na kusugua duara dogo, lenye upana wa kichwa cha waya tu, mpaka chuma king'ae. Kisha huweka waya, hukaza bolti, na kupaka grisi juu ili kutu isisogee. Hapo ni mahali ambapo kuikwangua rangi mpya ni ishara ya ufundi wa hali ya juu.

Rangi hukauka leo, hukomaa baadaye

Ukigusa rangi na kidole kisinate, usidhani imekuwa tayari. Karakana zenye chumba cha joto hulipasha gari kwa nyuzi 60 hivi kwa muda wa karibu nusu saa. Pasipo chumba hicho, vimiminika vilivyomo ndani ya rangi huendelea kutoka polepole kwa siku nyingi, pengine kwa wiki kadhaa.

Fundi akiwa na haraka na kubana mpira wa mlango juu ya rangi changa, mpira huacha alama isiyofutika. Subira yavuta heri, na katika kazi hii heri yenyewe huonekana kwa macho.

Paa la ndani hutangulia kioo

Ungedhani kioo cha mbele kingewekwa mapema ili vumbi lisiingie. Katika magari mengi ya zamani ni kinyume: kitambaa cha paa la ndani huingia kwanza. Kingo zake huvutwa na kugandishwa kwa gundi kwenye ukingo wa dirisha, kisha mpira wa kioo hukaa juu yake na kukibana milele. Anayetanguliza kioo atakitoa tena.

Mpangilio wa kazi yote hufuata akili hiyohiyo. Nyaya hulala kwanza, zikifuatwa na mikeka ya lami inayozuia kelele na joto. Kisha paa, vioo, dashibodi, mazulia, na mwisho kabisa viti. Kinachoonekana sana huingia mwisho, na kisichoonekana kamwe ndicho hutangulia.

Kioo kizima huingia kwa kamba moja

Hakuna nyundo wala mtarimbo. Kioo huvalishwa mpira pande zote, kisha kamba nyembamba hupitishwa ndani ya mfereji wa mpira mpaka ncha zake mbili zikutane chini, katikati. Maji ya sabuni hupakwa ili mpira uteleze. Fundi mmoja anakaa ndani, mwingine anasimama nje na viganja vyake juu ya kioo.

Wa ndani anapovuta kamba taratibu, mdomo wa mpira huinuka na kuruka ukingo wa chuma, sentimita baada ya sentimita, huku wa nje akikandamiza palepale kamba ilipo. Kamba ikitoka yote, kioo kimekaa. Watu wawili, kamba moja, sabuni kidogo: chombo kigumu na chenye kuvunjika kinatii.

Viti vya Porsche viliwahi kujazwa makumbi ya nazi

Si mzaha. Volkswagen Beetle na Porsche 356, magari mawili ya Kijerumani ya ukoo mmoja, yalitumia katika viti vyake mito ya nyuzi za nazi zilizoshikanishwa kwa utomvu wa mpira. Nyuzi hizo hupitisha hewa, hazishiki jasho, na hurudi katika umbo lake baada ya kukaliwa.

Ni nyuzi zilezile ambazo akina mama wa Unguja na Pemba wamezitengeneza kwa vizazi vingi: makumbi hufukiwa kwenye tope la pwani kwa miezi, hufukuliwa, hupondwa, kisha husokotwa kuwa kamba. Mtu anayefufua Porsche ya miaka ya 1950 leo, akifungua kiti, huona rangi ya kahawia ambayo mtoto yeyote wa pwani angeitambua mara moja.

Miche 62 ilizaa utajiri wa nchi nzima

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilipofika pwani ya Tanganyika kupitia Hamburg, miche 62 tu ilikuwa hai. Kutokana na hiyo, nchi ikaja kuwa mzalishaji mkuu wa mkonge duniani, na mwaka 1964 mavuno yalivuka tani 200,000.

Mkonge haukuishia kwenye kamba na magunia. Watengenezaji wa magari wamezitumia nyuzi zake ndani ya paneli za milango, kwa kuwa ni nyepesi na ngumu. Shamba na gari la fahari vina ujamaa wa karibu kuliko tunavyofikiri.

Mshale wa spidi husukumwa na kitu kisichougusa

Nyuma ya kipimo cha mwendo cha gari la zamani kuna waya mnene unaozunguka, uliotoka kwenye gia boksi. Ncha yake huzungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini, na alumini haivutwi na sumaku! Hata hivyo sumaku inapozunguka huzalisha mikondo midogo ya umeme ndani ya kikombe, na mikondo hiyo hukifanya kikombe kitake kuifuata sumaku. Kamba ndogo ya springi hukizuia, na pale nguvu mbili zinapolingana ndipo mshale husimama.

Mjerumani Otto Schulze alisajili uvumbuzi huo mwaka 1902, na magari yakautumia kwa takriban karne nzima. Ndiyo sababu fundi anayerudisha dashibodi huhakikisha waya ule haujakunjwa kwa pembe kali: ukikunjwa, mshale hutetemeka kama una homa.

Dashibodi juani hufikia joto la kuchubua mkono

Mwaka 2018 watafiti wa Arizona nchini Marekani walipima magari yaliyoachwa juani kwa saa moja siku za joto kali. Dashibodi zilifika wastani wa nyuzi 69, usukani nyuzi 53, na viti nyuzi 51.

Hapo ndipo ilipo siri ya dashibodi zilizopasuka. Katika magari ya miaka ya 1960 na 1970, sifongo ndani ya dashibodi na ngozi ya plastiki juu yake hazitanuki wala kusinyaa kwa kiasi kimoja, na jua hukausha mafuta yanayoilainisha plastiki. Kwa gari litakaloegeshwa huku uwandani, kitambaa cha kufunika dashibodi ni kinga ya bei ndogo kwa kitu cha bei kubwa. Joto hilohilo lina upande wake mwema: ngozi ya plastiki iliyokunjamana, ukiianika juani kabla ya kuivuta, hulainika na kunyooka.

Gari la michezo la Kijapani lilijipatia jina kwenye matope yetu

Datsun 240Z iliundwa iwe gari zuri la watu wawili la kutembelea barabara nzuri. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda nayo mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki, na Shekhar Mehta akawa wa pili na gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, alilingana alama na Harry Källström wa Uswidi. Mshindi akawa Mehta, kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi bila kupoteza alama.

Ndani, 240Z hujulikana kwa vipimo vitatu vya duara katikati ya dashibodi, vyote vikimtazama dereva, na kwa ngozi ya plastiki yenye mishono ya almasi juu ya gia boksi. Mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan, kampuni iliyounda Datsun, nchini Japani, wakifanya kazi katika klabu yao ya kufufua magari ya kale, walilirudishia uhai gari lililoshinda mwaka 1971.

Bolti ya mkanda haifuati nchi lilikotoka gari

Chukua gari la Kijerumani au la Kijapani, ambalo bolti zake nyingine zote hupimwa kwa milimita. Fungua mkanda wa usalama, na mara nyingi utakuta bolti ya inchi: saba ya kumi na sita. Ndiyo kipimo kilichozoeleka duniani kwa mikanda, na bolti yake ni ya chuma kigumu. Fundi akiipoteza, asichomeke bolti yoyote aliyoikuta kwenye kopo, kwa sababu maisha ya mtu huning'inia hapo.

Mkanda wenyewe wa pointi tatu ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na kampuni ikaruhusu wengine wote kuutumia bure. Volvo PV544 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuupata. Ni aina hiyohiyo ya gari ambayo Joginder Singh, fundi na dereva Singasinga kutoka Kenya, aliitumia kushinda Safari mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, na gari lao lilikuwa limeshatumika mkononi mwa wengine!

Usukani uliokunjwa ili dereva apate pa kupita

Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 ina milango inayofunguka kuelekea juu kama mbawa. Haikufanywa hivyo kwa mbwembwe: gari limejengwa kwa mabomba membamba ya chuma yanayopanda juu ubavuni, hivyo mlango wa kawaida haukuwa na nafasi. Dereva alipaswa kuvuka kizingiti kirefu, ndipo wabunifu wakaufanya usukani ukunjike chini.

Anayerudisha ndani ya gari hilo hufunga kiti, zulia na kizingiti akifikiria miguu itakayopita juu yake kila siku. Ngozi ya kizingiti ndiyo huchakaa kwanza.

Kipimo cha katikati hakina kulia wala kushoto

Sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kama Burundi na Rwanda. Ukivuka kuingia Uganda au Tanzania, unahamia kushoto. Dashibodi ya gari la Nairobi haiwezi tu kuchomekwa kwenye gari la Bukavu, kwa sababu tundu la usukani liko upande mwingine.

Mini, iliyozinduliwa mwaka 1959, ililimaliza tatizo hilo kwa wepesi wa kushangaza: kipimo kimoja kikubwa cha mwendo kiliwekwa katikati kabisa. Usukani uwe kulia au kushoto, kipimo hakihami. Gari hilo dogo likaja kushinda mbio za Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967.

Umri wa miaka 68, na bado mshindi

Björn Waldegård wa Uswidi alishinda Safari mara nne: 1977, 1984, 1986 na 1990. Mwaka 2011 alirudi Afrika Mashariki kwenye mbio za magari ya kale, akiwa na miaka 68, ndani ya Porsche 911 ya zamani. Aliyekaa kando yake kumsomea njia ni mwanawe Mathias, na wakashinda.

Gari la kale halivuki mbio za namna hiyo kwa injini peke yake. Kiti kikilegea, mgongo huumia. Waya ukikatika, taa huzimika porini usiku. Mpira ukiachia, vumbi hujaza kifua. Ushindi ule ulibebwa pia na mtu aliyepiga magoti ndani ya bodi tupu lenye harufu ya rangi mpya, akakaza bolti moja moja kwa mpangilio wake.