Rahisi ni ghali: Funzo la kapasita na lawama isiyo haki

MWAKA wa 2011, nikiwa mwalimu mstaafu na mwanachama wa bodi ya shule moja ya upili, niliketi katika kikao ambacho hadi leo nikikikumbuka hunitia haya. Ajenda ilikuwa moja tu: kumfuta kazi binti aliyekuwa akiitunza maabara ya tarakilishi. Shule ilikuwa imepokea tarakilishi 20 kuukuu kutoka kwa wafadhili, na katika muda wa miezi minane saba kati ya hizo zilikuwa zimeharibika. Baadhi zilijizima katikati ya somo. Nyingine ziliwaka, feni ikazunguka, lakini kiooni hapakutokea kitu.

Wanabodi wenzangu walikuwa wamekwisha kukata shauri. Kuna waliodai kwamba binti huyo alikuwa akiuza vipuri, na kuna waliosema ni mzembe aliyeacha vumbi liingie ndani ya mitambo. Nami, ndugu msomaji, sikumtetea. Niliuliza tu iwapo yupo aliyezifungua tarakilishi hizo akatazama ndani. Wote walinyamaza. Ikaamuliwa basi nichukue moja nimpelekee fundi mjini Nairobi.

Fundi huyo, aliyekuwa na kibanda karibu na barabara ya Luthuli, hakuhitaji hata kipimo. Aliifungua, akaelekeza bisibisi yake kwenye vimikebe vidogo vilivyosimama kandokando ya prosesa.

"Mzee, tazama vichwa vyake," akaniambia. "Kapasita nzima kichwa chake ni bapa kama sarafu. Hizi zimevimba kama mandazi."

Naam, zilikuwa zimevimba, na mbili zilikuwa zimepasuka zikatoa uji wa kahawia uliokauka kama kutu.

Kazi ya kapasita hizo ni kulainisha umeme. Prosesa hutumia volti chache mno, nao umeme huo hukatwakatwa mara laki kadhaa kwa sekunde kabla ya kuifikia. Kapasita ndiyo huupokea umeme huo wenye mawimbi na kuutoa ukiwa umetulia. Ikidhoofika, prosesa hupewa umeme wa kuyumbayumba, na tarakilishi huzimia kama mgonjwa wa kifafa.

Baadaye nilipata kufahamu kwamba hatukuwa peke yetu. Kuanzia mwaka wa 1999 hadi karibu mwaka wa 2007, mamilioni ya kapasita zilizojazwa kimiminika kibovu, nyingi kutoka Taiwan, ziliingia katika vifaa vya umeme duniani kote. Kimiminika hicho kilikuwa na maji mengi bila ya viungo vya kuikinga alumini. Maji yakaila alumini, gesi ya haidrojeni ikajaa ndani, na mkebe ukafura hadi ukapasuka. Mwaka wa 2005 kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 kugharimia matengenezo ya tarakilishi zake za OptiPlex zilizokumbwa na balaa hiyo. Za kwetu ziliundwa mwaka wa 2004. Kasoro ilizaliwa kiwandani miaka saba kabla ya binti yule kukabidhiwa ufunguo wa maabara!

Laiti kisa kingeishia hapo. Bodi ilinituma mimi kununua kapasita mpya. Fundi aliniandikia: vipande 42, maikrofaradi 1500, volti 6.3. Dukani nilionyeshwa aina mbili. Ya kwanza iliuzwa shilingi 10 kila kipande, ya pili shilingi 60. Nambari zilizoandikwa juu yake zililingana. Nikajiuliza, mwenye akili timamu atalipa mara sita kwa sababu gani? Nikanunua za shilingi 10, nikarejea shuleni nikijipongeza kwa kuiokolea shule shilingi 2,100.

Muhula haukuisha kabla ya tarakilishi tatu kuzima tena. Mwalimu mkuu akaagiza binti aitwe. Kabla hajaenda, alinijia mimi.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "hata mara hii ni mimi?"

Swali hilo lilinichoma. Nilikwenda mbele ya bodi nikakiri kwamba mkosaji ni mimi. Rahisi ni ghali, walisema wahenga, na mimi niliyeufundisha msemo huo darasani miaka mingi sikuwa nimeuelewa.

Ndipo nilipojifunza kununua, na ningependa msomaji afaidike na makosa yangu. Kwanza, kiasi cha maikrofaradi kilingane na cha kapasita ya zamani. Pili, volti ziwe zile zile au zaidi, kamwe zisipungue. Ya volti 10 yaweza kushika nafasi ya ile ya volti 6.3 iwapo itatoshea. Tatu, angalia joto. Mkebe ulioandikwa nyuzi 105 ndio ufaao, si ule wa nyuzi 85. Kapasita iliyokadiriwa kudumu saa 2,000 katika nyuzi 105 huongeza umri wake takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazopungua. Ikifanya kazi katika nyuzi 65, umri huo wakaribia saa 32,000.

Nne, na hapa ndipo nilipojikwaa, kuna ukinzani wa ndani. Huu aghalabu hauandikwi juu ya mkebe. Kapasita mbili zaweza kulingana kwa maikrofaradi na volti, lakini moja ikawa ya kazi za kawaida na nyingine ikawa imeundwa mahsusi kuhimili umeme unaokatwa kwa kasi. Ukiiweka ya kawaida karibu na prosesa, hupata joto, hukauka, nayo hufa. Soma jina la aina iliyochapishwa ubavuni, kisha ulilinganishe na maelezo ya mtengenezaji. Makampuni ya Japani kama vile Nichicon, Rubycon na Panasonic huyatoa maelezo hayo waziwazi.

Tano, pima upana wa mkebe na nafasi kati ya miguu yake. Wa milimita 10 hauingii palipotengewa wa milimita 8. Sita, jihadhari na bidhaa ghushi. Kuna walaghai wanaotia kapasita ndogo ndani ya mkebe mkubwa na kuubandika jina la heshima. Nunua kwa wakala anayetambuliwa na mtengenezaji, na udai risiti.

Fauka ya hayo, badilisha kapasita zote za kundi moja, hata zile ambazo hazijavimba, kwani ni za umri mmoja. Fundi achunguze pia upande wa hasi, ulio na mstari ubavuni, kwa sababu kapasita iliyogeuzwa yaweza kulipuka. Na asiyekuwa fundi asithubutu kukifungua kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani. Humo mna kapasita zinazoweza kuhifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa.

Mara ya pili niliagiza kapasita kupitia kwa mpwa wangu aliyekuwa akirejea kutoka Uingereza, ambaye alizinunua kwa wakala rasmi. Gharama yake, ambayo niliitoa mfukoni mwangu, haikufikia bei ya tarakilishi moja kuukuu. Zote saba zilifufuka, na kundi la watahiniwa lililofuata likazitumia hadi siku ya mtihani. Binti alibaki kazini.

Nimesimulia haya kwa sababu bado twapokea mitambo kuukuu kutoka ng'ambo, na bado twaitupa kwa kasoro ya shilingi chache, ikaishia Dandora kuwadhuru watoto wanaochokora taka. Sheria ya kupambana na bidhaa ghushi tunayo tangu mwaka wa 2008. Wanaoisimamia wasiishie kukagua dawa na pombe tu, bali waingie pia katika maduka ya vipuri. Shule nazo zitenge fungu dogo la matengenezo, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini la muhimu zaidi ni hili: kabla hatujamnyoshea mtu kidole, tuufungue mtambo kwanza, tutazame ndani.