Doboki: Adabu ya Mavazi kwa Anayeanza Upanga wa Kikorea

Doboki ni neno ambalo wacheza taekwondo wamelizoea. Limetokana na silabi mbili za Kikorea: do, yaani njia, na bok, yaani nguo. Wanaojifunza upanga wa Kikorea nao huliita vazi lao doboki, ila la kwao halifanani na lile la taekwondo. Sehemu ya chini ni suruali pana ya marinda, pana kiasi kwamba mvaaji akisimama wima mtu wa mbali hudhani ni sketi. Ndiyo maana Wakorea huiita chimabaji: chima ni sketi, baji ni suruali. Sehemu ya juu ni kijikoti cha pamba nzito kisicho na vifungo, kinachofungwa kwa kulaza upande mmoja wa kifua juu ya mwingine. Adabu nyingi za vazi hili zina chanzo kimoja kati ya viwili: upanga unaokaa kiunoni upande wa kushoto, au desturi za kale za mavazi ya Wakorea. Zinazosalia ni kanuni za vyama, na hizo hutofautiana.

Kabla ya jambo lolote, mwanafunzi ajue amejiunga na mchezo upi. Kumdo inayosimamiwa na Chama cha Kumdo cha Korea, kilichoundwa mwaka 1953, ni ndugu wa kendo ya Japani, ambayo mbinu zake ziliingia Korea mwishoni mwa karne ya 19. Huchezwa kwa jukdo, upanga wa vipande vya mwanzi, huku wapinzani wakiwa wamevaa kinga za kichwa, kifua, mikono na nyonga. Haidong Gumdo ni changa zaidi, ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Yenyewe hutilia mkazo mifuatano ya mapigo kwa upanga wa mbao, na baadaye kukata mianzi au mikeka iliyoviringwa kwa upanga wa chuma. Jina Haidong lenyewe ni jina la zamani la Korea, likiwa na maana ya mashariki ya bahari. Sare za michezo hii miwili hukaribiana kwa sura, lakini kanuni zake si zilezile, na mtu akinunua sare ya huku kwa ajili ya kule huwa ametupa fedha.

Kanuni ya kwanza, tena inayokosewa kuliko zote, ni ya kifua. Upande wa kushoto wa kijikoti hulala juu ya upande wa kulia, kwa wanaume na kwa wanawake. Asiyekumbuka na apeleke mkono wa kulia kifuani: ukiingia ndani ya koti bila kuzuiwa, amevaa sawasawa. Shati la kiume la vifungo hufungwa hivyohivyo. Blauzi nyingi za kike hufungwa kinyume, na huenda ndiyo sababu baadhi ya wanawake wanaoanza hurekebishwa mara mbili tatu kabla mkono haujazoea.

Sababu ya kanuni hii ni ya kiufundi kwanza. Mpini wa upanga hukaa mbele ya nyonga ya kushoto, na mkono wa kulia huuchomoa kwa kuupitisha mbele ya mwili kuelekea kulia. Mdomo wa koti ukitazama kushoto, mpini au vidole vinaweza kunasa ndani yake. Ukitazama kulia, vitu vyote hivyo huteleza juu ya kitambaa. Sababu ya pili ni ya kihistoria. Hanbok, vazi la jadi la Wakorea, hufungwa kulia vilevile, na katika Mashariki ya Asia jambo hilo lilihesabiwa kuwa alama ya ustaarabu tangu kale. Katika Mazungumzo ya Confucius, kufunga nguo upande wa kushoto kunatajwa kama mtindo wa washenzi. Ajabu ni kwamba michoro ya makaburi ya dola la Goguryeo, ambalo wapenzi wengi wa upanga wa Kikorea hujivunia, inaonyesha watu waliofunga nguo kushoto pia. Mtindo wa kulia ulishinda baadaye. Nchini Japani, ambako kendo hutumia koti la aina hiyohiyo, anayevishwa kinyume ni maiti, na mwalimu aliyejifunzia huko hatavumilia kosa hilo hata siku moja.

Mshipi una kazi kubwa kuliko kufunga nguo. Kama mshipi wa jambia, ndio unaobeba silaha. Huzungushwa kiunoni zaidi ya mara moja, na ala ya upanga huchomekwa kati ya tabaka zake, makali yakitazama juu. Ukiwa umelegea, upanga huning'inia na ncha ya ala humgonga aliye nyuma. Ukibana mno, ala haisogei na mkono wa kushoto hushindwa kuivuta nyuma wakati wa kuchomoa. Kwa hiyo mwalimu anayemsimamisha mwanafunzi mbele ya wenzake ili amfunge upya mshipi hamdhalilishi, anazuia ajali.

Chimabaji nayo ina kipimo chake. Pindo lifike karibu na vifundo vya miguu na lisipite hapo, kwa sababu miguu huwa mitupu na hatua nyingi ni za kuteleza mbele na nyuma. Anayerudi nyuma akikanyaga pindo lake huanguka akiwa ameshika upanga. Chimabaji ya kumdo inatofautiana na hakama, suruali ya marinda ya Japani, kwa jambo moja ambalo Wakorea hulitaja kwa fahari kidogo: haina kile kibao kigumu cha mgongoni, kwa kuwa suruali ya jadi ya Korea haikuwa nacho. Sare nyingi za siku hizi zimeacha pia kamba ndefu na kutumia kitambaa cha kunasa, kama kile cha viatu vya watoto. Wapo wanaoona huo ni uvivu. Ukweli ni kwamba kwa mtoto wa miaka 8 ni nafuu kubwa, na marinda hayapungui heshima kwa sababu hiyo.

Kuhusu rangi, lisilojulikana na wengi ni kwamba kumdo haina mikanda ya rangi. Daraja la mchezaji halionekani kwenye nguo. Kinachoonekana ni jina lake na la klabu yake, kwenye kitambaa kinachovishwa juu ya kinga ya nyonga. Bingwa na mwanafunzi wa mwaka mmoja huweza kusimama wakiwa na sare zinazofanana kabisa, na atakayewatofautisha ni mtazamaji aliyengoja pigo la kwanza. Haidong Gumdo, kinyume chake, hutumia mikanda ya rangi kwa madaraja ya chini na mweusi kwa dani, yaani madaraja ya juu, na vyama vyake vina rangi na nembo mbalimbali. Hapa ndipo penye makosa ya adabu yasiyo ya makusudi: mwanafunzi huona koti zuri lenye ukingo wa rangi, akalinunua, kumbe katika chama chake ukingo huo ni wa walimu.

Ndani ya dojangi, yaani ukumbi wa mazoezi, vazi huambatana na mwenendo. Viatu huachwa mlangoni. Saa, pete, hereni na mikufu huvuliwa, na kucha hukatwa fupi. Pete ikibanwa kati ya mpini na kidole huumiza sana. Mwanafunzi huinamisha kichwa na kiwiliwili kuelekea bendera anapoingia na anapotoka. Bendera ya Korea inaposalimiwa rasmi, kiganja cha mkono wa kulia huwekwa juu ya kifua upande wa kushoto, kama Wakorea wafanyavyo kwenye sherehe za taifa. Amri ya chariyoti ikitolewa, kila mtu husimama wima na kutulia, hata kama koti limefunguka. Kuhangaika na nguo wakati huo ni utovu wa adabu.

Koti likifunguka katikati ya mazoezi, mwanafunzi hungoja nafasi, hugeuka akaipa kisogo bendera na mwalimu, hurekebisha haraka, kisha hugeuka tena. Mgeni huweza kushangaa, kwa kuwa kwingine kumpa mkubwa kisogo ndiko kukosa heshima. Kwa Wakorea, kinachofichwa ni kitendo cha kujivua na kujifunga mbele ya mkubwa. Upanga wakati huo haulazwi ovyo sakafuni, wala hakuna anayeruhusiwa kuruka juu ya upanga wa mwenzake, uwe wa mbao au wa chuma.

Vazi chafu huhesabiwa kuwa kosa sawa na vazi lililofungwa vibaya. Pamba iliyotiwa rangi ya nili huchuja, hivyo hufuliwa peke yake kwa maji baridi na kuanikwa kivulini. Katika ufuaji wa mwanzo huloweshwa tu bila sabuni. Mikono na shingo zitabaki na madoa ya buluu kwa wiki kadhaa, na hilo halimwaibishi mtu. Sare za tetroni hazina tabu hiyo. Inasemwa pia kwamba mkanda haufuliwi kamwe ili usipoteze nguvu iliyomo. Imani hiyo haina msingi. Jasho la miezi sita si nguvu. Chimabaji hulazwa chini, rinda baada ya rinda hunyooshwa kwa kiganja, kisha hukunjwa mara tatu kuanzia pindoni. Anayeikunja hivyo kila siku hahitaji pasi.

Baadhi ya klabu nje ya Korea hukataza kabisa kuvaa doboki barabarani. Huko Korea kwenyewe watoto wenye doboki hushuka kila jioni kutoka kwenye magari madogo ya njano ya kumbi za mazoezi, wakaingia dukani kununua vitafunio, na hakuna anayewashangaa. Anayeanza afuate kanuni ya mwalimu wake, si ya picha alizoziona. Tena asinunue chochote kabla ya kuuliza: klabu nyingi humruhusu mgeni kuanza na fulana na suruali ya michezo, na upanga wa mbao wa kuazima huwa upo ukumbini.